Mwaka Mama Aliposhika Mivukuto

Unga wa mahindi uliosagwa kwa chuma una harufu yake, na haifanani na ya unga wa jiwe. Wa jiwe hunukia vumbi na jasho la mtu aliyepiga magoti. Wa chuma hutoka na joto kidogo, kama kitu kilichookwa, na ukiuweka puani mapema unanusa mafuta kwa mbali. Nilikua ndani ya harufu hiyo. Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Makambako, upande wa kwenda Njombe, na katika kilima chetu chote mashine ya kusagia ya mkono ilikuwa moja tu, yetu. Baba aliileta alipotoka kukata mkonge Tanga kwa mara ya kwanza. Wenzake walirudi na makoti na kofia; yeye alishuka kwenye lori Makambako na mzigo uliofungwa kwenye blanketi, akaubeba kichwani hadi nyumbani, kila aliyekutana naye akimwuliza amebeba nini kizito hivyo. Aliikaza kwenye gogo jikoni, akamwonyesha mama jinsi ya kutia mahindi kwenye mdomo wake na kuzungusha mkono, kisha baada ya misimu miwili akaondoka tena kwenda huko huko kwenye mkonge. Kwa hiyo kwangu mimi baba na mashine vilikuwa karibu kitu kimoja. Mmoja hayupo, mwingine yupo jikoni.

Mtu ambaye hajasaga kwa jiwe hawezi kujua mashine ile ilitupa nini. Kabla haijaja, mama alikuwa akiamka jogoo hajawika, anapiga magoti mbele ya jiwe na kusukuma lile dogo juu ya lile kubwa, mbele na nyuma, mpaka mgongo unakuwa kama mti uliokauka. Mtoto wa kike aliyefikia kimo cha kusaga alipokea kazi hiyo, na akiipokea hakuna aliyemwuliza habari za shule. Wasichana wanne walianza nami darasa la kwanza. Tulipofika la nne nilibaki peke yangu, na haikuwa kwa sababu nilikuwa na akili kuwashinda. Nilibaki kwa sababu mahindi ya siku nzima niliyamaliza kwa mashine kabla jua halijapanda vizuri, nikanawa, nikaenda. Mwisho wa mwaka ule kulikuwa na mtihani, na atakayeshinda angeingia shule ya bweni ya wasichana ya misheni, darasa la tano. Mwalimu wetu alikuwa amekwisha mwambia mama kwamba ninaweza.

Ilivunjika mwezi wa sita, wakati ule ambapo nyanda zetu zina baridi ya kukata vidole, na asubuhi ukitoka nje majani yote ni meupe kwa sakitu. Mimi ndiye niliyekuwa nazungusha. Kijiwe kilikuwa kimejificha katika mahindi. Nikasikia mashine imekaza, na badala ya kusimama nikasukuma kwa mwili mzima, kwa kuwa nilikuwa na haraka. Mkono ulikatika. Nilianguka chali nikiwa nimeshika nusu yake. Mama aliacha moto aliokuwa anauchochea, akaviokota vipande viwili, akavikutanisha, akavitazama kwa muda mrefu. Hakunipiga. Aliviweka juu ya dari ya moshi, akatoka nje, akamwaga maji yaliyojaa katika shimo la jiwe la zamani ambalo kuku walikuwa wamelifanya birika lao, akalikokota mpaka ndani.

Jioni ile alikuja baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wakati baba hayupo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu msafi, aliyesoma madarasa machache zamani na kuyabeba maisha yake yote kama fimbo. Hakuwa mtu mbaya. Njaa ilipopita kijijini mwaka mmoja kabla ya hapo, ghala lake ndilo lililotulisha. Lakini mashine ile hakuipenda tangu siku ya kwanza, na nilipomwona anakivuta kigoda nilijua amekuja kuizika. Alisema jiwe lilimlea yeye, likamlea baba, na halijawahi kuvunjika mkono. Akasema usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba nyumba isiyo na mwanamume ina kazi nyingi, na darasa la nne linatosha kwa mtoto wa kike kusoma Biblia na barua ya mumewe. Mama alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama ilivyopasa. Alipoondoka mama aliendelea kuchagua maharage, na nilidhani mambo yamekwisha.

Majuma yaliyofuata sitayasahau. Nilisaga kwa jiwe, zamu yangu na zamu ya mama, na bado nilichelewa shule. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Mwalimu wetu hakuwa na huruma na wachelewaji. Aliyefika baada ya kengele hakuingia mpaka kipindi cha pili, alipewa panga akakate majani uwanjani. Siku ya tatu ya kukata majani nikachagua mahali pangu mwenyewe, chini ya dirisha la darasa, na mwalimu alipouliza swali la hesabu na darasa likanyamaza, nilijibu kutoka nje. Wavulana walicheka. Mwalimu alichungulia dirishani akaniambia nikate majani. Akauliza swali jingine, nikajibu tena. Hakuniruhusu kuingia, lakini kuanzia siku ile alikuwa anakuja kusimama karibu na dirisha anapofundisha, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika kwa watoto waliokuwa ndani.

Hata hivyo mwili una mwisho wake. Asubuhi moja, mikono ikiniuma hata sikuweza kufunga kifungo, nilimwambia mama nimechoka, afadhali niache shule. Nadhani nilitaka anibembeleze. Mama aliacha kusaga, akakaa juu ya visigino vyake, uso wake mweupe kwa unga.

"Ukitaka kuacha, acha kwa sababu yako mwenyewe," alisema. "Hutaacha kwa sababu ya kipande cha chuma."

Kesho yake hakunipeleka shuleni wala shambani. Tulikwenda Makambako.

Makambako ya wakati ule haikuwa mji wa kujisifia, maduka machache ya mabati kwenye njia panda, lakini malori yote ya kwenda Mbeya, Iringa na Songea yalipita pale, na kwangu ilikuwa dunia nzima. Mama alimwonyesha mwenye duka vipande viwili, akauliza kama anaweza kupata mkono peke yake. Mwenye duka alikuwa mtu wa adabu, akavigeuzageuza, akaeleza kwamba mikono haiji peke yake. Kinachokuja ni mashine nzima. Akaitoa moja kutoka kwenye sanduku lenye nyasi kavu, ikiwa imepakwa rangi nyekundu, akaiweka mbele yetu. Ilikuwa nzuri. Niliugusa mkono wake na nikaona aibu jinsi nilivyoitamani. Mama pia aliigusa. Kununua mashine ile kulikuwa na njia moja tu, nayo ni kumwuza mtamba aliyeachwa na baba, na mtamba yule ndiye aliyekuwa karo yangu ya bweni. Mama alikuwa amekwisha sema hivyo, na baba alikuwa amekubali kwa barua. Kwa hiyo pale kwenye meza ya duka niliyaona mambo kama yalivyokuwa. Tukibaki na jiwe, sitapata nafasi ya kusoma ili nishinde mtihani. Tukichukua nyekundu, nitasoma mpaka mtihani, kisha hakutakuwa na cha kunipeleka mbele. Mama alimshukuru mwenye duka, akavifunga tena vipande vyake katika kanga.

Nilitoka dukani nalia. Mama hakunitazama, alikuwa anatazama ng'ambo ya barabara, ambako lori limeinuliwa kwa jeki na utingo amelala chini yake. Pembeni palitupwa chuma kirefu, kipana kama mkono wa mtu mzima, kimekatika upande mmoja. Mama alivuka, akamsalimia dereva, akamwuliza kile ni nini. Dereva alisema ni springi, imekatika, haina kazi tena. Mama akamwuliza kama anaweza kuichukua. Dereva alicheka, akamwambia mama, hiyo utaifanyia nini, chuma hicho hata mbwa hakitaki. Mama alijibu kwamba mapanga ya Mzee Mgaya yanatoka kwenye chuma kama hicho, na yanakata. Akasokota ngata ya majani, akaiweka springi kichwani, na tukaanza kurudi. Sijawahi kumwona mtu anatembea wima namna ile chini ya mzigo.

Mzee Mgaya alikuwa mhunzi wetu, na sasa nieleze kwa nini kwenda kwake lilikuwa jambo. Wahunzi wa kwetu walikuwa na miiko yao tangu enzi za kuyeyusha mawe ya chuma, na mwiko mmoja ulikuwa kwamba mwanamke hafiki penye moto wao. Kwa upande mwingine, kanisani kwetu wazee walisema moto ule una dawa za kipagani, na Mkristo akitaka jembe anunue dukani. Hivyo mama alikuwa anakwenda mahali ambapo pande zote mbili zilimkataza. Alijua. Alivaa gauni lake la Jumapili.

Mzee alitukuta tumesimama nje ya kibanda chake. Alikuwa mtu mkavu, mfupi wa maneno, mwenye makovu ya cheche mikononi. "Kamwene," alitusalimia, lakini hakutukaribisha. Alivichukua vile vipande, akagonga kimoja kwa ukucha, akasema hiki ni chuma cha kumimina, hakipokei nyundo, ukikipiga kinapasuka kama chungu. Hakitengenezeki. Mama aliitua springi miguuni pake. Mzee aliitazama, akainama, akaigonga nayo, akasikiliza. Nikaona uso wake umebadilika. Akasema ndiyo, hii inaweza kuwa mkono, na mkono mzuri. Ila mpwa wake aliyekuwa akivuta mivukuto amekwenda kumenya magome ya miti ya miwati kwenye shamba la kampuni, na chuma kinene kama hiki kinataka moto usiokatika. Akamwambia mama aje mwezi wa kumi.

"Mwezi wa kumi mtihani utakuwa mlangoni," mama alisema. "Nitavuta mimi."

Mzee alisema, bila ukali, kama mtu anayeeleza habari za mvua: "Mwanamke akishika mivukuto, chuma huvunjika."

"Baba," mama alisema, "hicho kilichovunjika kilimiminwa na wanaume."

Nilitazama chini. Nilikuwa na hakika tutafukuzwa. Mzee Mgaya alikiinua tena kipande cha mkono wetu, akakitazama pale palipokatika, akakitupa nje kwenye majani. Kisha akaingia ndani ya kibanda na kukisogeza kigoda cha mpwa wake mbele ya moto.

Mama alivuta siku mbili. Mivukuto ilikuwa miwili, ya ngozi ya mbuzi, na mikono hupokezana, huu ukishuka ule unapanda. Ukikosea mwendo moto unashusha pumzi na mhunzi anaguna. Siku ya kwanza Mzee aliguna sana. Siku ya pili hakuguna. Mimi niliachwa nje, kwenye nyasi, na kupitia upenyo wa fito niliona chuma kinatoka chekundu kama pilipili iliyoiva, nyundo inashuka, springi iliyopinda inanyooka, kisha inapindwa upya kwa namna tuliyoitaka. Kazi ngumu ilikuwa tundu la pembe nne la kuingia kwenye mhimili wa mashine. Mara ya kwanza likawa dogo. Mara ya pili likawa kubwa, Mzee akalifunga kwa nyundo akaanza tena. Mara ya tatu liliingia kwa shida, likakaa. Hakutaka malipo siku ile. Alisema tusage kwanza mpaka mavuno yajayo, na kama mkono haujavunjika, mkewe awe anakuja kusaga kwetu.

Mkono ule ulikuwa mbaya kuutazama, mweusi, umejaa alama za nyundo, na ulizidi ule wa zamani kwa urefu wa kiganja. Lakini urefu huo ndio uliokuwa faida, kwa maana uliifanya mashine kuwa nyepesi kuliko siku aliyoileta baba. Asubuhi ya kwanza nilimaliza kusaga na ukungu bado uko bondeni. Nilifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu alinitazama, akasema tu nikae mahali pangu.

Habari haikukaa siku tatu bila kumfikia baba mkubwa. Jumapili iliyofuata mama aliitwa mbele ya wazee wa kanisa baada ya ibada, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, sisi wote tuliokuwa nje tulisikia. Walimwuliza kama ni kweli alikaa kwenye moto wa mhunzi. Alisema ni kweli. Wakamwuliza kama aliona dawa yoyote pale. Alisema aliona makaa. Baba mkubwa akamwambia, na sauti yake ilitetemeka, kwamba amemwaibisha mume wake aliye mbali, ameaibisha nyumba, na kwamba wazee hawataki jambo kubwa. Wanataka tu aseme amekosa.

"Nimevuta moto ili watoto wale," mama alisema. "Kama hilo ni kosa, sitalitubu, maana kesho nitalifanya tena."

Wakamtenga na Meza ya Bwana. Nataka kusema ukweli hapa: sikujivunia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Jumapili baada ya Jumapili nilimwona mama yangu ameketi benchi la nyuma, gauni limenyooka, wengine wakienda mbele naye akibaki, na nilitamani kwa moyo wote aseme hilo neno moja liishe. Nilimwambia hivyo mara moja tukiwa njiani. Aliniambia nikazane na vitabu. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mama hakunichelea.

Waliokuja kumtetea hawakutumia maneno. Ilianza na mke wa mhunzi, halafu jirani wa chini, halafu wawili waliokuwa wanaimba kwaya, kila mmoja na kikapu cha mahindi. Walisaga, wakaacha kibaba cha unga kwa shukrani, wakaondoka. Asubuhi moja ya mwezi wa tisa nilimkuta mama mkubwa, mke wa baba mkubwa mwenyewe, amesimama mlangoni na kikapu kimefunikwa kwa majani ya maboga ili kionekane ni mboga. Mama alimpokea kikapu, akayatoa majani yale, akayaweka pembeni, wala hakuuliza kitu. Juma lililofuata mama mkubwa alikuja bila majani. Baba mkubwa alikula unga ule mpaka mvua zikaanza, na sijui ni nani angethubutu kumwambia.

Nilishinda mtihani. Mtamba aliuzwa, na nikaenda bweni nikiwa na sanduku la mbao na blanketi lile lile lililobeba mashine. Siku ya kuondoka baba mkubwa hakutoka nyumbani kwake, na sikumlaumu sana. Mama aliendelea kukaa benchi la nyuma miaka miwili, mpaka alipokuja mchungaji mwingine, akauliza mama huyu amefanya nini, na kila aliyeulizwa akaona haya kueleza. Siku moja jina lake likasomwa pamoja na ya wengine wa kushiriki Meza ya Bwana. Hakuwahi kuomba arudishwe. Baba aliporudi alipewa habari zote na kaka yake kwanza, kisha na mama. Akaenda jikoni, akauzungusha ule mkono mara tatu nne, akasema ni mwepesi. Ndilo neno pekee nililomsikia akisema juu ya jambo hilo.

Nimefundisha shule miaka mingi, sasa nimestaafu, ninakaa Njombe mjini. Unga hununuliwa katika mfuko. Kitu kikiharibika ndani ya nyumba, fundi kijana hukigeuza mara moja na kusema bibi, hiki hakitengenezeki, nunua kingine, na mara nyingine anasema kweli, maana vitu vingine vya siku hizi vimefungwa ili visifunguliwe. Sigombani na vitu. Ninachogombana nacho ni ile sauti, ya upole, inayokueleza kwamba njia zimekwisha. Nilidhani imekufa na wazee wa wakati ule, lakini nimeisikia kwa watu wenye simu mbili na digrii. Mwaka jana jirani yangu, mtu wa makamo mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimtoa binti yake kidato cha pili akae dukani, akasema biashara haina mtu na hakuna namna. Nilikwenda kwake asubuhi na kiti changu, nikakaa mlangoni mwa duka, nikawaeleza wateja wote waliopita kwa nini nimekaa pale. Kesho yake nilirudi. Siku ya tano alimwajiri kijana, na Jumatatu binti akapita na sare yake, anacheka na wenzake, wala hakugeuka kunitazama. Baba yake hanisalimii mpaka leo. Mimi humsalimia kila asubuhi, kwa sauti, akiwa mbele ya wateja wake.